Sura ya Sita: Zamu ya Usiku

Ukifungulia redio yako kwenye 99.9 ukiwa Korogocho, utampata mtangazaji wa Koch FM. Ichukue redio hiyo hiyo hadi Kibera bila kugusa kitufe chochote, na utasikia Pamoja FM. Mukuru kwa Reuben namba hiyo ni ya Ruben FM, na upande wa Dagoretti ni ya Mtaani Radio. Mpango huu ulifanywa kwa makusudi. Redio za jamii katika mitaa ya Nairobi zilipewa namba moja zigawane, kila moja ikiwa na mtambo wa nguvu ndogo, wa kutosha mtaa wake tu, ili sauti ya huku isije ikaifunika ya kule. Eneo dogo namna hiyo lina hasara yake kibiashara, kwa sababu kampuni kubwa haioni faida ya kutangaza sabuni kwa watu wa mtaa mmoja. Faida yake ni kwamba anayezungumza anaishi na anaowazungumzia. Akitaja daraja, hana haja ya kueleza ni lipi. Akikosea jina la plot, kesho atasahihishwa njiani, tena kwa sauti.

Mtaa wa Huruma huipata Koch FM kutoka ng'ambo ya barabara. Ukitoka soko la mbuzi la Kiamaiko, unavuka Outering Road, unapita Kariobangi, na umefika Korogocho. Kwa ramani ya uchaguzi, Huruma, Ngei na Kiamaiko ni wadi za eneo bunge la Mathare, na Korogocho ni ya Ruaraka. Kwa maisha ya kila siku tofauti hiyo haionekani sana. Nyama ni ya machinjio yale yale, na mto Mathare ukifurika huanza na hawa ukaendelea hadi kwa wale. Mchana, kwenye vinyozi na karakana za Huruma, utasikia pia Ghetto Radio 89.5 ikizungumza Sheng, na vituo vikubwa vya taifa vinavyotangaza kutoka katikati ya jiji. Sina neno na vituo vikubwa. Lakini mtu wa Huruma anayepiga simu kwenye kituo kinachosikika Kenya nzima anashindana na Kenya nzima kupata dakika moja.

Koch FM ilianzishwa mwaka 2006 na vijana wa Korogocho wenyewe, na studio yao ya kwanza ilikuwa kontena. Nalitaja kontena kwa sababu watu wakisikia habari za gharama za redio hufikiria jumba la vioo na mitambo ya mamilioni. Historia ya nchi hii inasema vingine. Mwaka 1982, kwa msaada wa UNESCO, redio ya jamii ilianzishwa Homa Bay kwa vifaa vilivyogharimu chini ya dola 25,000, na wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Serikali iliifunga mwaka 1984. Tangu hapo vifaa vimezidi kuwa rahisi. Kinachogharimu ni mtu, kwa sababu mtambo hununuliwa mara moja na mtu hula kila siku, na habari za sura hii ni za mtu huyo: yule anayekaa studioni, akiwa macho, saa ile ambayo jambo linatokea.

Kazi yake ni ipi hasa? Asubuhi mama analeta habari kwamba mtoto wake wa miaka minne hajaonekana tangu jana jioni. Kitambulisho kimeokotwa kwenye matatu. Mfereji umekauka tangu Jumatatu na bei ya mtungi wa maji imepanda. Transfoma imelipuka na upande mmoja wa barabara uko gizani. Kuna matanga, na familia inachangisha ili isafirishe maiti nyumbani. Mtu anapiga simu anasema nyumba fulani inawaka moto. Mtangazaji anayejua kazi yake hakimbilii kurudia alichoambiwa. Anauliza: uko wapi sasa hivi? Umejionea mwenyewe ama umeambiwa? Moto uko ghorofa ya ngapi? Kuna mtu mwingine hapo nizungumze naye? Wakati huo mwenzake, kama yupo, anapiga simu ya pili kwa mzee wa mtaa.

Maswali hayo manne ndiyo redio yenyewe. Wimbo unaweza kuchezwa na yeyote, na habari za kitaifa zinaweza kusomwa kutoka popote. Lakini uwezo wa kumuuliza mpigaji simu kama amejionea, na kumsikia akisita kidogo kabla ya kujibu, huo haupatikani mpaka pawe na mtu studioni, na mtu huyo awe anajua Huruma kiasi cha kugundua kwamba kona aliyotajiwa haipo.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili 2016 mvua kubwa ilinyesha Nairobi. Mwendo wa saa tatu na nusu usiku, jengo la ghorofa sita lililosimama karibu na mto hapo Huruma liliporomoka na wapangaji wakiwa ndani. Wakaazi walianza kuchimba kwa mikono kabla ya mashine kufika. Wazima moto, wanajeshi, vijana wa NYS na Msalaba Mwekundu walifanya kazi usiku na mchana. Jumanne iliyofuata, zaidi ya siku tatu baada ya jengo kuanguka, mtoto mchanga alitolewa kwenye kifusi akiwa hai. Siku ya sita watu wengine wanne walitolewa wakiwa hai. Waliokufa walikuwa zaidi ya 50.

Msalaba Mwekundu ulifungua meza ya kuandikisha waliopotea, na nadhani meza ile inaeleza vizuri kuliko ninavyoweza mimi kile ambacho mtaa unahitaji usiku kama ule. Unahitaji mahali pamoja pa kuuliza. Nani hajaonekana? Majeruhi wamepelekwa hospitali gani? Ni barabara ipi iachwe wazi ili ambulensi zipite, maana umati ukijaa kwenye njia nyembamba za Huruma hata pikipiki haipenyi? Walio katika majengo ya jirani walale ndani au watoke? Wakitoka, waende wapi na watoto saa hiyo? Wachimbaji wanahitaji tochi, glavu, maji ya kunywa? Maswali yote haya yanataka majibu kati ya saa nne usiku na alfajiri, siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha. Chukua sasa ratiba ya redio yoyote ndogo inayobana matumizi uangalie saa zipi zimekabidhiwa kompyuta. Ni hizo. Usiku na wikendi hukatwa kwanza, kwa sababu kwenye karatasi ndizo saa zenye wasikilizaji wachache na matangazo machache ya biashara.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha idadi ya redio ambazo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Kampuni ya Clear Channel ikanunua hadi ikawa na vituo zaidi ya 1,000, na sauti ya mtangazaji mmoja ikawa inarekodiwa katika mji mmoja na kuchezwa katika miji mingine mingi kana kwamba yupo huko. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 2002, baada ya saa saba, treni ilipinduka nje ya mji mdogo wa Minot, jimbo la North Dakota, na wingu la amonia likautanda mji. Redio sita za kibiashara za mji huo zote zilikuwa za kampuni hiyo moja. Polisi walipopiga simu kituoni wapate mtu wa kuwatangazia wananchi wajifungie ndani, hawakumpata. Mtu mmoja alikufa na mamia wakaumia. Kampuni ilijitetea kwamba kulikuwa na mfanyakazi zamu ile, na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mtambo wa tahadhari. Hata tukikubali utetezi huo wote, bado mji mzima ulikuwa unamtegemea mtu mmoja na laini zake za simu.

Huruma haina treni ya amonia. Ina nyumba za ghorofa zilizosongamana ukingoni mwa mto, nyaya za stima zilizounganishwa ovyo, na barabara ambazo gari la zimamoto huzipita kwa shida.

Sasa tutazame jinsi saa hizi zinavyokatwa, kwa sababu hazikatwi na adui. Hukatwa na watu wazuri wenye bili mkononi. Redio ya jamii hulipa ada ya leseni, hulipa ada ya muziki kwa mashirika ya hakimiliki, hulipa kodi ya nyumba, tokeni za stima, mafuta ya jenereta, intaneti na fundi wa mtambo. Kila moja ya bili hizo ina tarehe na ina adhabu. Usipolipa stima, kituo kinazimika. Usipolipa leseni, unafungwa. Mtangazaji peke yake ndiye asiye na adhabu ya kukutoza. Anaitwa wa kujitolea, anapewa nauli ikipatikana, na mwezi ikikosekana anaambiwa avumilie. Kwa hiyo kila gharama inapopanda, kinachopunguzwa ni yeye. Hakuna kikao kinachokaa kuamua kwamba mtaa ubaki bila mtu wa kupokea simu usiku. Inatokea tu, mwezi baada ya mwezi, kijana mmoja akienda kutafuta kazi ya mjengo na mwingine akichukuliwa na kituo cha kibiashara baada ya kufundwa vizuri na kile kidogo.

Nafasi yake inachukuliwa na programu ya kupanga nyimbo. Programu hizi zimekuwa rahisi, nyingine hupatikana bure, na hufanya kazi bila kuchoka. Unaweza kurekodi salamu za jioni saa tano asubuhi, ukaziweka kati ya nyimbo, ukaenda zako. Kinachoniudhi hapa si kompyuta kucheza muziki. Mtu anahitaji kulala. Kinachoniudhi ni sauti ya mtu inayosema "tuko pamoja" wakati hakuna mtu. Msikilizaji aliyezoea kwamba sauti hiyo hujibu atapiga simu siku ya shida na simu italia kwenye chumba kilichofungwa. Heri redio iseme wazi: kuanzia saa nne tunacheza muziki, mtu atarudi saa kumi na moja alfajiri, na ukiwa na dharura piga namba hii. Huko Kraków, Poland, mwezi Oktoba 2024, kituo cha OFF Radio, kikiwa kimekwisha kuwaachisha kazi watangazaji, kiliweka sauti zilizotengenezwa na akili bandia, hata kikaigiza mahojiano na mshairi Wisława Szymborska aliyefariki mwaka 2012. Wasikilizaji walikasirika, na jaribio likafungwa baada ya wiki moja hivi. Waliona mapema, kwa sababu waliambiwa. Mahali ambapo mtu anaondolewa kidogo kidogo, bila tangazo, hakuna anayekasirika.

Saa zisizopewa kompyuta huuzwa. Mhubiri hununua saa moja ya alfajiri, muuza dawa za mitishamba hununua nusu saa ya adhuhuri, na katika redio nyingi michezo ya kubahatisha imekula katikati ya vipindi: mtangazaji yule yule uliyemwamini kwa habari za maji anakuhimiza utume pesa sasa hivi ushinde. Matangazo ya kamari yalikuwa yamezidi kiasi kwamba Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia kamari iliyasimamisha katika vyombo vyote kwa siku 30. Siwalaumu wahubiri kwa kutaka kuhubiri. Lakini saa iliyouzwa haina simu ya msikilizaji, na aliyeinunua hana wajibu wa kukatiza mahubiri eti kwa sababu mtaa wa tatu kuna moto.

Kuna pia pesa za miradi. Shirika linafadhili kipindi cha afya ya uzazi, au cha amani wakati wa uchaguzi, kwa miezi sita. Kipindi huwa kizuri, watu wanajifunza. Miezi sita ikiisha kinakufa, kwa sababu ufadhili ulinunua mada na haukumnunulia mtu zamu. Januari 2025, serikali mpya ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, wengi waligundua ni programu ngapi za Afrika Mashariki zilikuwa zimesimama juu ya nguzo hiyo moja. Machi mwaka huo huo Sauti ya Amerika nayo ikanyamazishwa, pamoja na idhaa yake ya Kiswahili iliyoanza mwaka 1962, na redio zilizokuwa zikirusha taarifa zake bila malipo zikabaki na pengo la kuziba.

Serikali yetu yenyewe ni mtangazaji mkubwa wa biashara, na imekuwa ikibana mkondo huo. Tangu mwaka 2015 matangazo ya wizara na mashirika ya umma hupitia wakala mmoja, na malimbikizo ya madeni kwa vyombo vya habari yamekuwa malalamiko ya kila mwaka. Machi 2024 Wizara ya Habari iliagiza matangazo yote ya serikali ya redio na televisheni yapelekwe KBC peke yake. Agizo lilipingwa mahakamani. Hata hivyo lilionyesha jinsi mapato ya redio nzima yanavyoweza kuning'inia kwenye barua moja. Redio ya jamii ndiyo inayoumia kuliko zote, kwa kuwa sheria inaitaka isitafute faida, na matangazo inayoruhusiwa kuyauza ni yale yanayowahusu watu wa eneo lake.

Vituo vikubwa navyo havikupona. Miezi miwili baada ya jengo la Huruma kuanguka, Juni 2016, Nation Media Group ilitangaza kufunga QFM, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili, pamoja na Nation FM. Juni 2020, wakati wa korona, Mediamax iliwaachisha kazi wafanyakazi wengi kwa mpigo. Mwandishi wa redio aliyekuwa akitumwa Eastlands na maikrofoni sasa anaandika kutoka kwenye meza, akitegemea video alizotumiwa. Habari za Huruma zinafika, lakini zinafika zikiwa zimechaguliwa na aliyekuwa na simu yenye kamera nzuri.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi kwenye vikao vya bajeti: woga. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali iliamuru vituo visitangaze chochote moja kwa moja. Huruma, Mathare na Kariobangi zilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoumia vibaya wiki zile. Tume ya Waki ilipochunguza ghasia za baada ya uchaguzi huo ilizungumzia redio za lugha za mama na vipindi vya simu ambamo maneno ya chuki yalipita. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alifikishwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, na kesi yake ilikatizwa na majaji Aprili 2016. Wenye vituo wengi walijifunza kutoka hapo kwamba simu ya msikilizaji ni hatari, na kwamba kilichorekodiwa hakimpeleki mtu jela.

Nadhani walijifunza somo lisilo lenyewe. Hatari ya vipindi vile haikutoka kwenye kurushwa kwake moja kwa moja. Ilitoka kwa mtu aliyekaa mbele ya maikrofoni bila mafunzo, bila mhariri, na bila ujasiri wa kumkatiza mpigaji simu. Pamoja FM ilikuwa hewani Kibera kipindi hicho hicho, kwa simu zile zile na hasira zile zile, na inakumbukwa kwa kutuliza watu. Kifaa cha kuchelewesha sauti kwa sekunde chache, ili mhariri apate nafasi ya kulikata neno baya, kimekuwapo miaka mingi. Lakini mafunzo ni gharama, mhariri ni gharama, na vyote viwili viko kwenye ile orodha isiyo na adhabu. Basi kituo kinachopunguza wahariri kinazidi kuogopa simu, na kikizidi kuogopa kinaona afadhali kurekodi.

Halafu serikali inarudi na kuuongeza woga huo. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano ya kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vyote vya redio na televisheni viache kuyaonyesha au kuyatangaza maandamano hayo moja kwa moja. Mawimbi ya NTV, KTN na K24 yakakatwa. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo. Mzazi aliye Huruma siku kama ile ana swali moja: barabara ya kurudi nyumbani iko wazi kwa kijana wangu? Swali hilo linahitaji jibu la saa hiyo. La jioni halimfai.

Najua jibu ninalopewa kila ninapolizungumzia jambo hili: siku hizi kuna WhatsApp, kila plot ina kundi lake, habari zinafika kabla mtangazaji hajavaa vipokea sauti. Ni kweli zinafika. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 2024 mto ulipofurika Mathare, simu zilisaidia watu kuamshana. Wiki zilizofuata serikali ilianza kubomoa nyumba zilizokuwa kandokando ya mito, na Mei Rais alikuja akaahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa. Hapo ndipo kundi la WhatsApp linapoishiwa nguvu. Majina yanaandikwa wapi? Mpangaji anahesabiwa au ni mwenye nyumba tu? Tingatinga linakuja leo au kesho, na alama nyekundu ukutani maana yake nini? Kila mtu kwenye kundi ana jibu, na hakuna anayeulizwa kama amejionea ama ameambiwa. Bando likiisha, au simu ikizama majini, hata hilo kundi huna. Mlinzi wa usiku, mchinjaji wa Kiamaiko anayeanza kazi kabla ya alfajiri, mama mzee mwenye simu ya vitufe, hawa wako na redio. Kumwita chifu studioni, mbele ya maikrofoni, simu zikiwa wazi, na kumfanya aseme ni meza gani inayoandikisha na inafunguliwa saa ngapi, ni kazi ya nusu saa. Inawaondolea maelfu ya watu siku nzima ya kuzunguka.

Sasa, nini kinawezekana kwa pesa zilizopo? Redio za 99.9 hazisikilizani hewani, lakini kwa intaneti studio moja inaweza kulisha mitambo yote usiku. Vituo vinne au vitano vikachangia mtangazaji mmoja wa zamu, kila mtaa ukabaki na mtu mmoja wa kupokea simu na kwenda kuangalia. Najua hili linapunguza umtaa wa redio, jambo ambalo nimelitetea tangu ukurasa wa kwanza wa sura hii, na mtangazaji wa Korogocho hatajua kila kichochoro cha Kibera. Nalikubali kwa usiku tu. Mgeni anayejua kuuliza ananifaa saa nane usiku kuliko orodha ya nyimbo.

Malipo yake yana mahali pa kutoka. Upo Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na kampuni za mawasiliano na kusimamiwa na Mamlaka ile ile inayotoa leseni, ili huduma ziwafikie wasiofikiwa na soko. Mwenye nyumba ya kupanga Huruma asiye na mtu wa kumtangazia hatari usiku hajafikiwa na soko, hata akiwa na minara mitatu ya simu juu ya paa lake. Mfuko huo ungeweza kulipia zamu kwa jina la zamu, mshahara wa mtu, badala ya kompyuta nyingine. Wauzaji wa nyama wa Kiamaiko, sacco za matatu za Juja Road, shule na zahanati za mtaa ni watangazaji wa biashara ambao sheria inawaruhusu kabisa, na wanaweza kuombwa na kijana anayelipwa asilimia ya anachokileta. Kaunti nayo inapaswa kuwa na laini ya moja kwa moja kutoka ofisi yake ya majanga hadi studio, na kuijaribu kila mwezi.

Kama pesa zitakazopatikana ni za kuanzia tu, ningependekeza zisitawanywe mwaka mzima. Zilipe zamu ya saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri kwa miezi ya masika, Machi hadi Mei, Ijumaa na Jumamosi zikiwa za kwanza. Mezani pawe na daftari lenye namba za zimamoto, Msalaba Mwekundu, hospitali za karibu, machifu wa Huruma, Ngei na Kiamaiko, na wazee wa kila plot kubwa iliyo karibu na mto. Namba hizo zipigwe zote mwishoni mwa Februari, moja moja, kuhakikisha aliye upande wa pili bado ndiye, na kwamba usiku simu yake huwa haizimwi.